Utando wa Buibui

Gari liliingia Barabara ya Ishirini saa mbili usiku,
Benzi jeusi, kimya kama mtu mwenye deni,
na watoto wa Ngamiani wakajitazama mlangoni mwake
wakajikuta warefu, wana vichwa vya mabuyu.
Kwa macho ya mtaa, lilikuwa jipya.

Nikavuta geti la bati, nikazima taa ya juu,
nikawasha ile ndogo ya mkononi.
Hapo ndipo rangi husema kweli:
boneti nzima utando wa buibui,
duara ndani ya duara ndani ya duara,
kama mtu aliyekuwa akiandika sifuri
miaka sita, kila asubuhi, bila kuchoka.

"Nani huliosha?"
Bwana Shekalaghe hakugeuka. Alinyoosha kidole nyuma.
"Huyo. Na mshahara wake ndio utakaokulipa."

Mbaruku, dereva, alikuwa ameikunja kofia yake
mpaka imekuwa kama sambusa.
Unaoshea nini, kaka?
"Dodoki," akasema. "Na sabuni ya unga.
Naamka alfajiri, vumbi la saruji la Pongwe
halijagandamana na umande.
Sijaruka hata siku moja.
Hata Idi, naliosha kwanza."

Ndio msiba wenyewe.
Angekuwa mvivu, rangi ingekuwa nzima.

Nilikesha nalo siku tatu.
Tanga husemwa waja leo waondoka leo;
rangi haiujui msemo huo.
Usiku, kwa sababu mchana bati linachoma
na dawa hukaukia kwenye sponji kabla haijauma.
Kwanza udongo laini, kuokota chembe za saruji,
mkono ndani ya mfuko wa mkate,
maana kidole kitupu hudanganyika upesi.
Kisha kipimo: mia na ishirini kwenye paa,
tisini na nne boneti,
themanini ukingoni, hapo mkono ulegee.
Kisha mashine, polepole, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni.

Watu hudhani tunajaza mkwaruzo.
Hatujazi.
Mkwaruzo ni bonde, na bonde halipandi.
Tunachofanya ni kushusha vilima vyote vilivyobaki
mpaka vilingane na palipoumia.
Kwa hiyo gari linalong'aa kupita yote
limekuwa jembamba kuliko jana,
na kazi hii hairudiwi mara kumi.
Siwaambii wateja hivyo
kabla hawajalipa.

Saa nane umeme ukakatika.
Nikakaa gizani kwenye ndoo iliyopinduliwa,
mashine ikipoa mapajani kama paka,
nikamfikiria Mbaruku na sifuri zake:
mapenzi yote yale,
na kila pangusa inaacha kovu.
Mimi nani kakaribia kunifundisha kitambaa
cha kumpangusia mwanangu machozi?

Usiku wa tatu nikafika mlango wa nyuma, kushoto,
anapokaa bosi.
Nyuma ya kitasa, katika kile kikombe cha vidole,
mikwaruzo imelaliana kama uwanja wa kuku:
mifupi, ya kina, ya mtu mwenye haraka.
Dodoki halifiki pale.
Pale hufika dhahabu.

Asubuhi nikampa taa mwenyewe, sikusema neno.
Akainama. Akatazama muda mrefu.
Kisha mkono wa pete, taratibu,
ukaingia mfukoni bila kuagizwa,
na noti akanihesabia kwa ule wa kushoto,
kosa ambalo kwetu hatulisamehe.
Siku ile nililisamehe.
"Huyu," akasema, akimwonyesha Mbaruku kwa kidevu,
"mshahara wake usiguswe,"
kama kwamba aliyetaka kuugusa ni mimi.

Mbaruku nikampa ndoo mbili na taulo la nyuzi laini.
Moja ya sabuni, moja ya kusuuzia.
Pangusa kwa kunyoosha, kaka, usizungushe.
"Na dodoki?"
Kaogee.

Akacheka mpaka kofia ikaanguka.
Kisha akazunguka mbio hadi ule mlango wa kushoto
na kuufungua yeye, kwa ncha za vidole,
kabla bosi hajanyoosha mkono.