Ziwa Halipwi

Sirari ndipo pasi yangu ilipopigwa muhuri wa kwanza,
mwaka wangu wa hamsini na nane.
Laki mbili zangu zikawa elfu kumi kiganjani.
Nikazihesabu mara tatu, nikajua nimeibiwa.
Hukuibiwa, mama, akasema kijana wa kubadilisha,
ni shilingi, ila si shilingi.

Kisumu nikamwamkia baba wa bibi harusi: shikamoo.
Akajibu: asante.
Nikachekea ndani ya kitenge cha sare, rangi ya ndizi mbivu,
kilichopimwa kwa simu
na kunibana kwapa siku nzima.
Mimi nasema, naomba chumvi. Wao, lete chumvi.
Inafika chumvi ile ile.
Sato wetu kwao ni ngege, sangara ni mbuta,
na jina langu nalo likabadilika kabla chai haijapoa:
Nyar Tanga. Binti wa Tanga,
mimi, mwenye wajukuu wanne.

Mhina akamwoa Akeyo Jumamosi, saa nne ya kadi,
saa nane ya kweli.
Palipoitwa baba wa bwana harusi asimame
nilisimama mimi,
saa ya kaka mkononi, pana, inateleza hadi kiwikoni,
saa ya mtu aliyesema, nitakuwepo, nitacheza mpaka wanifukuze,
akaenda zake Machi, maji ya bamvua yakitoka.

Jumapili nikataka kuiona pwani yao.
Nikapewa Apondi, miaka kumi, binamu wa bibi harusi,
na maagizo matatu, yote kuhusu viboko.

Dunga. Mafunjo marefu kuliko mlango,
njia ya mbao juu ya tope, ndege wa njano
wananing'iniza nyumba zao kichwa chini.
Nikachota maji, nikaonja.
Hata chumvi ya kuazima hayana.

Mimi ni mkulima wa mwani, Kigombe.
Siku zangu hazipangwi na jua:
maji yakipwa nafunga mbegu kwenye kamba,
yakijaa napika, nafua, nagombana na majirani.
Basi nikauliza, yanapwa saa ngapi hapa?
Apondi akanitazama
kama niliyeuliza ukuta unahama lini.

Nikachomeka kijiti ukingoni, nikakaa.
Nusu saa, kijiti.
Saa nzima, kijiti, na unyevu wake pale pale.
Mama mmoja akaacha kikaango cha mbuta
akaniletea kigoda, maana aliona sitaondoka.
Nyar Tanga, akasema, ziwa halipwi.
Kinachokuja na kuondoka hapa ni magugu.

Sikumwamini. Kwetu
kila kinachoondoka huacha saa ya kurudi,
unaijua tangu utotoni, huihitaji hata karatasi.
Nadhani tangu Machi nilikuwa nimeketi hivyo,
kijiti mbele yangu.

Jumatatu, kabla ya basi, tukarudi.
Usiku upepo ulikuwa umegeuka.
Maji hayakuwepo: kijani tupu hadi macho yanapochoka,
maua ya zambarau, kunguru anatembea katikati ya ziwa
kama mwenye shamba.
Mitumbwi imekwama. Kijiti changu hakionekani.
Yataondoka lini haya?
Apondi akabetua mabega.
Upepo ukitaka.

Nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo,
na yule mtoto akafanya jambo la adabu kubwa:
akageuka kuhesabu ndege.

Sirari tena. Afisa anauliza, umebeba nini?
Omena kilo mbili, kwetu dagaa.
Kitenge kinachobana. Picha kwenye simu, nyingi zimetikisika.
Saa nimeiacha mkononi mwa Mhina.
Naye inamteleza, ila kidogo.

Kisha ujumbe kutoka Kigombe, wa jirani:
kamba zako mbili zimekatika, bamvua ni Alhamisi.
Nikapiga hesabu ya mabasi kwenye vidole.
Nitachelewa. Nikamjibu:
zifunge wewe.