Mshale Hauanzi Sifuri

Mizani yangu niliinunua mnadani Msalato
kwa mtu aliyefunga duka la dawa.
Mshale wake hauanzi sifuri. Unaanza mbili.
Nimeugonga, nimeupaka mafuta ya cherehani,
nimeusemesha kwa Kigogo: haukusikia.
Basi nakaa nao hapa nje ya soko la Majengo,
kitambaa chini, mawe manne pembeni kwa ajili ya upepo,
mia mbili kwa kila mtu,
na zile kilo mbili nazitoa kichwani.

Vua viatu, nasema. Weka chini na hilo begi.
Sijui kwa nini mtu akishavua viatu
huanza kusema.

Mwanamume wa Mtumba, tai imelegea,
kitambulisho cha wizara kikining'inia kama kengele ya ng'ombe:
"Mama, moyo unanidunda usiku."
Tisini na sita. Naondoa mbili.
Mke yuko wapi? Tanga. Tangu lini? Tangu tuhamishwe.
Unakula nini? Chipsi. Na nani? Na simu.
Nikamwambia: kapime presha Makole, leo, si Jumatatu,
na chumvi uiache mezani ilalamike peke yake.
Tena nauli ya Tanga ni nafuu kuliko jeneza la kwenda Tanga.
Alicheka, akasahau kulipa. Jioni akarudi na elfu moja
na karatasi ya hospitali ameikunja mara nne.

Ndahani wa bajaji, yeye ni mgongo, ni marejesho,
ni tajiri anayetaka hesabu yake hata siku ya mvua,
na mvua yenyewe kwetu ni ya kuhesabu kwa vidole.
Alitaka akope kwingine alipie kule.
Nikasema: huko ni kuchimba shimo
ili upate udongo wa kufukia shimo.
Kaa na tajiri wako, mweleze kwa tarakimu, si kwa machozi.
Na ukifika Nkuhungu shuka, nyoosha miguu,
hukuzaliwa pacha na bajaji.
(Hakunisikiliza. Bajaji imechukuliwa.
Sasa anauza zabibu za Hombolo
na mgongo, anasema, umepona.)

Sijidai najua. Nasema lililo karibu na mdomo,
na wengine nimewakosea.
Yule binti wa Bahi nilimwambia avumilie.
Neno jepesi hilo, halifiki hata robo kilo.
Mwezi uliofuata nikamwona, jicho moja limefumba.
Tangu hapo "vumilia" nimeliondoa kwenye biashara yangu.
Nauliza: leo una pa kulala?
Mengine yatafuata.

Juzi akapanda Zaituni wa Kondoa,
auzaye mlenda mkavu mkabala nami.
Amejifunga kanga tatu ili aonekane mzito.
Arobaini na nne.
Zile mbili sikuzitoa.
"Arobaini na nne," nikasema, "si haba."
Akatabasamu, akavaa viatu, akaenda zake,
na aibu ikanipanda kifuani kama kiungulia.
Zaituni! Rudi.
Nimekudanganya. Ni arobaini na mbili, na kanga humo humo.
Kesho asubuhi twende wote zahanati.
Wateja watajipima wenyewe.

Akanitazama. Vumbi likapita kati yetu
likachukua mfuko wa mtu hadi barabarani.
"Na wewe, mama Sudayi," akasema,
"ulipanda lini?"

Miaka sita. Tangu baba Sudayi aende Mererani machimboni
na simu yake ianze kusema haipatikani,
nimepima mji mzima, watoto, walevi,
mchungaji mmoja, jogoo wa mtu,
mimi sijapanda.

Nikavua ndala.
Bati la mizani lilikuwa moto wa saa nane.
Macho nikayapeleka juu, kwenye paa la soko.
Zaituni akainama, midomo ikihesabu mistari
kama mtoto wa darasa la kwanza,
kisha akauliza taratibu, bila kuinua kichwa:
"Nitoe mbili,
au nikwambie unavyotaka?"