Nusu Mzunguko

Umeshuka nayo ikikohoa, Bwana Sigilai,
toka Nakuru mpaka hapa Kibuye,
na kwenye mteremko wa Awasi, unasema,
ilipiga risasi mbili kwa ekzosi
hata mbuzi wakaruka mtaro.

Nimeona. Uling'oa kile kisanduku cheusi
ilichozaliwa nacho, chenye pua nyembamba,
ukaivalisha filta mbili nyekundu, mfano wa koni,
kila kabureta na yake.
Ulilipa elfu nne. Nzuri. Zinang'aa.
Lakini umefungua mlango na madirisha yote
bila kuongeza unga sufuriani,
na wageni wameshaingia.

Tazama plagi: nyeupe kama mfupa wa jangwani.
Hiyo ni njaa. Mashine inakula upepo.
Na huku chini, karibu na ziwa, hewa ni nzito,
inajaa kinywa; kwenu juu ni nyepesi.
Kwa hiyo njaa uliyoondoka nayo Nakuru ikiwa changa
imenenepa njiani.

Nitabadilisha jeti. Mia na tano itoke,
mia na kumi na tano iingie.
Tofauti ya tundu huioni kwa jicho,
pikipiki huiona.
Sindano nitaipandisha ngazi moja.
Skrubu za mafuta, mizunguko miwili na nusu toka chini.
Halafu tunasikiliza.

Hapo ndipo shida yangu.

Hizi kabureta ni pacha. Wa kushoto ni Opiyo,
aliyetangulia; wa kulia Odongo,
aliyechelewa, na bado huchelewa.
Nawavua kofia zao nyekundu kwa muda,
nachukua huu mpira wa nusu mita,
ncha moja sikioni, ncha nyingine mdomoni mwa Opiyo.
Ananong'ona: sss.
Kisha Odongo: sss.
Zamani nilikuwa na mipira miwili,
kwa kuwa nilikuwa na masikio mawili.
La kushoto lilibaki Ahero, kwenye kinu cha mpunga,
miaka tisa nikilisha mdomo wa chuma.
Sasa nikitoka kwa Opiyo, nikifika kwa Odongo,
nimeshasahau sauti ya kaka yake.
Sauti haishikiki kama nati.

Awuor! Weka chini hiyo soda.
(Mwanafunzi wangu, wiki ya tatu.
Mamake alimleta asijifunze uvivu.)
Shika mpira huu, mimi nashika ule.
Usiniambie unachodhani nataka. Niambie unachosikia.

Akafumba macho. Akakunja uso.
"Wako anapumua," akasema. "Wangu anavuta kamasi."

Nikacheka, na sikio langu likapoteza Opiyo kabisa.
Nikampa bisibisi.
Nusu mzunguko. Akarudisha. Robo. Akangoja.
Akageuza kidogo zaidi, upana wa ukucha,
bila kuniuliza.

Mimi sikuisikia ile nukta yenyewe.
Niliiona: nati ndani ya kopo la Kimbo
ziliacha kugombana.

Tumeijaribu hadi Mamboleo na kurudi.
Haikohoi. Plagi sasa ina rangi
ya chai ya maziwa iliyochemka sana,
na hiyo ndiyo rangi.

Ila sikiliza, Sigilai. Nimeipima kwa hewa ya hapa.
Ukipita Londiani, ukikaribia Mau Summit,
itaanza kuwa nzito, itatoa moshi mweusi,
maana hewa itapungua na mafuta yatabaki yale yale.
Usinilaani. Simama kando ya barabara,
funga skrubu nusu mzunguko kila upande,
tega sikio. Unayo mawili.

Hesabu yako: jeti mbili, na kazi.
Na sikio moja la kukodi;
hilo mlipe mwenyewe, mkononi.
Ameirudia soda yake, nayo gesi imeshaisha,
anainywa hivyo hivyo,
kichwa kimeinama upande,
anasikiliza pikipiki nyingine ikipita.