Paa la Pumzi

Miaka thelathini na moja nimepiga bati.
Kutoka Duga hadi Chumbageni, mvua ikinyesha,
nasimama barazani natega sikio,
nakuambia msumari upi ni wangu.

Leo Injinia Nyange ananikunjulia kitu
chepesi kama ganda la kitunguu,
kakishika kwa vidole viwili.
Fundi Singano, anasema, paa ndilo hili.
Nikalitazama jua kupitia humo: nikaliona jua.
Nikautazama uso wake: nikauona uso wake.
Sasa paa lenyewe, nikauliza, liko wapi?

Ni hapa Pongwe, kwenye korona ya zamani,
jengo ambalo mashine yake ya mkonge
ilimla baba yangu vidole viwili
na mchana ilikuwa lazima uwashe kandili.
Humo, eti, watafugwa vipepeo,
na watoto wa shule waje kutazama.
Bi Mwanakombo Kilua, mwenye vipepeo vyake,
alinijibu bila kuinua macho kwenye ndoo ya majani:
Kipepeo haruki gizani, fundi.
Mnyime jua, atakunja mbawa akae
kama mgeni asiyeambiwa karibu.

Ndoo ya misumari nikairudisha nyumbani.
Hakuna kupigilia. Ni tabaka mbili, kingo zimebanwa,
na feni ndogo, haizidi sufuria ya ubwabwa,
inapuliza katikati.
Mto wa kwanza ukaumuka kama andazi kwenye mafuta.
Kijana wangu Shekiango akapiga kelele.
Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nahesabu
bati ngapi ningepanga pale, mbao ngapi,
migongo mingapi ya vibarua.
Yote hayo, na mahali pake pamekaa pumzi.

Mvua ya Machi ilipokuja ikalipiga kama ngoma.
Hapo kidogo tukapatana.

Kisha kunguru. Kunguru wa Tanga
hajaacha kitu bila kukionja.
Akatoboa mto wa kumi na nne, na usiku kucha
mlinzi akasikia paa likiguna kama mtu mwenye pumu.
Nikapanda na kamba kiunoni, na kiraka mfukoni,
natambaa juu ya kitu nisichokiona.
Chini ya goti langu akaja mmoja,
mweusi, na doa la buluu kila bawa,
akatua kichwa chini, miguu juu,
tumbo lake na goti langu,
katikati unene wa ukucha wa mtoto.
Sijui alinidhania nini. Wingu, labda.
Nilikaa pale mpaka Shekiango akaita:
Fundi, umekwama?

Kilibaki kipande, upana wa mkeka wa kuswalia.
Injinia akasema kitupwe.
Nikakikunja, nikakitia kwapani, nikaenda nacho Makorora
kwa mama, Bi Mwanamkuu, mwaka wa tatu kitandani
tangu nyonga ilipovunjika.
Bati la chumba chake nililipiga mwenyewe,
misumari yangu, ile ninayoijua mlio.
Nikalikata.

Siku ya kwanza hakusema neno.
Siku ya pili akasema: Mbaruku,
leo nimeuona wayo wa kunguru kwa chini.
Miaka themanini namfukuza,
sikujua ana miguu ya kizee kama yangu.
Siku ya tatu, usiku wa manane, akaniita kwa hasira:
Nyota zote hizi zinanitazama, nami sina mtandio!
Nikapanda kwenye kiti, nikamtundikia khanga.

Asubuhi nikaikuta khanga sakafuni.
Bakora yake iko kitandani, ubavuni mwake,
naye amefumba macho,
anajifanya amelala,
jua lote liko usoni.