Herufi Moja

Miaka kumi na tisa nilikaa meza ya tatu kutoka kwake,
ghorofa ya pili, kampuni ya bima, Youngstown, Ohio,
nikimjua Darlene Hudak kwa madai ya mafuriko,
mabomba yaliyopasuka kwa baridi,
na mkate wa yai kila Jumatano.
Ushairi? Hakuna aliyenong'ona.

Kumbe saa sita mchana, sisi tukila na kusengenya,
mwenzetu alikuwa Slovakia.
Nyuma ya fomu zilizoharibika, kwa penseli iliyotafunwa kichwa,
alikuwa akimvusha mzee mmoja aliyefia Košice
bila kusomwa na mtu.
Mstari kwa mstari. Mingine iligoma
kama punda darajani.

Lugha ile hakuisomea chuoni.
Aliinywa na supu ya kabichi jikoni kwa bibi yake, Brier Hill,
enzi tanuri la chuma lilipoikausha nguo usiku
na baba kurudi alfajiri nyusi zimeungua.
Tanuri likazimwa. Bibi akafa.
Darlene akabaki na maneno
na hakuna wa kumsalimia nayo.

Kitabu kilimla miaka kumi na mmoja.
Nakala mia tano, zilizochapwa na mke na mume ndani ya gereji.
Nikakuta mwaliko mezani kwangu, chini ya kikombe.

Maktabani tulikuwa tisa, pamoja na mlinzi.
Akasoma:
*Mama alisimama vumbini, akingoja niondoke.*
Mzee mwenye kifaa cha kusikia akainua kidole.
"Binti, si *prach*. Ni *prah*.
Mama hakusimama vumbini.
Alisimama kizingitini."

Herufi moja! Darlene akaitoa ile karatasi ya zamani,
akaipeleka kwenye taa, akaikuna kwa ukucha.
Doa la mashine. Alikuwa amelisoma doa.
Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki tatu tulisahihisha kwa mkono nakala zilizobaki,
yeye akifuta, mimi nikishika rula.
Ndiyo kazi pekee ya fasihi niliyowahi kufanya.
Moja hakuigusa. Nikamwuliza.
Akasema manispaa imebomoa nyumba ya bibi,
kwamba Jumapili alikwenda kutazama,
akasimama pale mlango ulipokuwa,
na viatu vyake bado hajavipangusa.

Baadaye alitoa vitabu vyake mwenyewe, viwili, vyembamba.
Ninavyo. Sivielewi vyote.
Kuna ukurasa wenye mabomba yaliyopasuka
na nikajua ni faili la nani.

Siku ya kustaafu kwake ofisi ilileta keki,
jina lake kwa sukari ya buluu: *Hudack*.
Bosi akahutubia. Hakuna aliyeona.
Darlene akachukua kisu,
akaikata ile *c*, taratibu, pembe zote nne,
akaniwekea kwenye sahani.