Lumbesa

Simu iliita saa nne, naanika nguo uani, Mabatini.
Sauti laini, ya mtu aliyeshiba chai ya maziwa,
iliniita "mwandishi".
Hakuna aliyewahi kuniita hivyo.
Kwa mama mwenye nyumba mimi ni Mwalimu Nyanzobe
wa chumba cha nyuma, mchelewesha hela ya umeme.

"Tumeusoma mswada wako. Ofisi nzima tumelia."
Nami nikalia kidogo, vibanio vya nguo mdomoni.
Hakusema walilia ukurasa wa ngapi.
Sikuuliza.

Ada ya kusajili, elfu themanini.
Ada ya mhariri aliyeko ng'ambo, laki na nusu.
Kisha ada ya tuzo, maana kitabu kimeshashinda,
kitabu ambacho hakijachapwa!
Na ada ya kuzitoa pesa zangu huko ziliko,
kana kwamba zimelazwa wodini
na haziruhusiwi mpaka bili ilipwe.

Nilituma. Nikatuma tena. Nikatuma.
Ya nne nikaenda kuikopa kwa shangazi Minza.

Shangazi anauza dagaa Mwaloni, Kirumba.
Shule aliiachia darasa la nne.
Alinisikiliza huku akizamisha mkono
katika gunia la mtu, hadi kwapani,
akatoa konzi ya chini kabisa,
akanusa, akaonja, akatema.
"Wa juu wanang'aa kila gunia," alisema.
"Mchanga hukaa chini.
Huyo mtu wako ameshauza kitabu cha nani?
Anakaa mtaa gani huyo aliyelipwa, nikamwulize?"
Nikatazama ziwa.
"Mie nikileta dagaa, mnunuzi ndiye anayetoa hela.
Ukiona muuzaji analipa, Nyanzobe,
jua kinachouzwa ni yeye."

Mkataba tuliusoma juu ya mizani,
kidole chake chenye magamba kikifuata mistari.
*Haki zote. Lugha zote. Milele.*
Alicheka mpaka wapagazi wakageuka.
"Lumbesa hii! Wanajaza gunia,
wanashonea kilemba juu yake,
halafu wanakulipa gunia moja."

Sikusaini.
Zile za mwanzo zilikwenda. Laini haipatikani.
Polisi walinipa namba ya jalada;
naitunza pamoja na risiti za maji.

Basi nikachapa mwenyewe, Igoma, nakala mia tatu.
Usiku kucha, kalamu mkononi, ukurasa wa arobaini na moja:
mtambo uliandika "zawa" badala ya "ziwa",
nikasahihisha mara mia tatu.
Shangazi akaniazima wino wa zambarau wa kutia alama magunia.
Kila nakala namba yake. Kila duka sahihi yake,
na daftari la mistari, kubwa, la kaunta.
Wenye maduka walininunia.
Mmoja alisema, "Mwalimu, huniamini?"
Nikamwambia nakuamini, saini hapa.

Mwezi wa pili, Makoroboi, juu ya turubai,
kati ya chaja na soksi, nikakiona kitabu changu.
Hakina namba.
Nikafungua arobaini na moja kwa vidole vya baridi.
*Zawa.*
Kijana muuzaji, Sayi, hakujua kitu.
Alinunua kwa jumla, elfu mbili mbili,
kwa dogo mmoja wa mtamboni.
Alinipa hata kiti.
Sikukaa. Nilipanda Igoma na daftari langu kwapani,
na kule sikupiga kelele, nilisoma hesabu tu,
mstari kwa mstari, mbele ya wateja wao,
mpaka mwenye mtambo akatoa boksi lililobaki
akaniomba nishushe sauti
ambayo sikuwa nimeipandisha.

Faili nimelichukua. Zile zilizokwishauzwa, zimeuzwa.

Jana shangazi alikuja kununua yake.
Nilitaka kumpa bure; aliniangalia vibaya.
Alihesabu elfu nane, noti zinanuka jua na dagaa,
akadai risiti, akasubiri niandike:
*Minza, nakala moja, taslimu.*
Kisha akaketi juu ya ndoo,
akapitiliza picha yangu ya jalada,
akapitiliza shukrani na dibaji,
akaanzia ukurasa wa mwisho,
midomo ikitembea polepole,
mkono umezama hadi kwapani.