Kibanio

Kaka yangu Aulis alianguka mwezi Machi, koleo mkononi,
theluji ya mlangoni akiwa ameiondoa nusu.
"Kichwa," alisema. Hakuongeza neno.
Ndipo nami nikaitwa nipigwe picha,
maana damu yetu moja
na mishipa, huenda, ilifumwa na fundi yuleyule.

Walikiona. Kijipovu cha milimita saba
kwenye njia panda ya mshipa, nyuma ya jicho la kushoto,
kimening'inia kama tunda la porini
ambalo halijaamua kuiva.
"Kwa sasa kimelala," walisema.

Aliyelala usimwamshe,
ukimwamsha utalala wewe:
niliyarudia hayo ndani ya basi,
Kuopio ikipita dirishani, ziwa limefungwa kwa barafu,
wazee wawili wameinamia keke zao, wakitoboa.

Kazi yangu ni kurekebisha piano.
Miaka thelathini na mmoja nimeishi na nyaya.
Kwa hiyo Daktari Ounasvuori aliponieleza
kwamba mpira mwembamba utaingia pajani,
upande na njia ya damu,
upite karibu na moyo kwa adabu, kama apitaye mbele ya wakwe,
ufike kichwani, na humo utoke waya wa platinamu,
laini, ujikunje wenyewe ndani ya kijipovu,
mkunjo juu ya mkunjo, mpaka damu ikose pa kuingia,
nilicheka.
Waya! Hiyo lugha naijua.

Waya ulikataa.
Shingo ya kijipovu ilikuwa pana;
kila walipoujaza, mkunjo mmoja ulichungulia njiani
kama mkia wa paka mlangoni.
Wakautoa wote.
Aliniambia akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.
Nikamwambia hata kwangu hutokea:
tundu la msumari likilegea, usiulaumu waya.

Upo wavu wa kutandika ndani ya mshipa,
lakini unadai dawa za kuilainisha damu,
na tumbo langu lina vidonda vyake vya siku nyingi.

Basi nikapelekwa kwa Daktari Vesterinen.
Mwanamke wa maneno machache, vidole vifupi.
Nilivitazama vile vidole kuliko nilivyomsikiliza.
Kwenye kiganja aliniwekea kibanio cha titani,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto,
akakifungua kwa koleo nyembamba, akakiachia.
"Kikishafunga," alisema, "hatukirudii tena. Kitazikwa na wewe."
Nikamwuliza: kikifunga, kinatoa sauti gani?
"Hakina sauti."
Sikuamini. Kila kishikacho kina sauti yake.

Ya siku ile sina, ni ya kusimuliwa:
keke, na mfupa kuinuliwa kama kifuniko,
mikunjo ya ubongo kutenganishwa polepole chini ya hadubini,
saa tano, na katikati dakika tatu
ambazo chumba kizima kiliacha kuzungumza.

Niliamka na jicho moja limeziba kwa uvimbe,
pini ishirini na sita kuanzia sikioni hadi kwenye paji,
taya likifunguka vidole viwili, basi.
Rauno, mume wangu, alinichovyea mkate mweusi kwenye kahawa
na kunilisha bila kunitazama,
maana akinitazama analia, na kulia mbele ya watu
kwao ni kama kutembea bila viatu kanisani.

Mwezi Juni nilirudi kazini, shule ya muziki, piano moja tu.
Niliogopa sikio, si mkono.
Nilipiga la, nikangoja
sauti iishe yote, hata ule mtetemo wa mwisho
ambao wengine huudhani ni kimya.
Ilikuwa chini kidogo. Nikaukaza waya.
Nyuma ya jicho, kama kuna kitu, hakikusema.

Jioni tulipitia nyumbani kwa Aulis kuchukua barua.
Koleo lake bado limeegemea ukuta.
Theluji ilishayeyuka yenyewe,
pamoja na ile nusu yake.